Koki Iliyofungwa Chini ya Ngazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama chetu cha Wakandarasi wa Mitambo, Mkuu wa chuo kilichotuazima karakana yake kwa Jumamosi kumi na mbili, waheshimiwa wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wageni waalikwa, waume, wake na wazazi wa wahitimu, ndugu wahitimu thelathini na mmoja, na nyinyi mafundi mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: salamu zangu kwenu ni moja, ingawa itifaki imenilazimisha kuzipanga.

Nimepewa dakika kumi na mbili. Baada yangu ni vyeti, na baada ya vyeti wanachama watabaki humu kwa mkutano mkuu, ajenda saba. Hiyo namba saba nitaifikia. Sijaisahau, na nitashukuru kama nanyi hamtajifanya mmeisahau.

Wengi wenu mnanijua kama mwenyekiti wa kamati ya mafunzo, mzee mwenye kampuni ya watu sitini na wanne. Wachache mnanijua tangu nilipokuwa fundi bomba. Nilikuwa naunga viungo thelathini na nane kwa siku, wenzangu wakiunga ishirini na tano. Basi mwajiri wangu akapiga hesabu yake: huyu ana kasi kuliko wote, tumfanye msimamizi. Siku hiyo alipoteza fundi mzuri, akapata msimamizi mbovu. Je, nani aliwahi kunifundisha kuwa na watu chini yangu? Hakuna. Nilichojua kuhusu uongozi ni kile nilichofanyiwa, yaani kelele.

Siku ya kumi na moja ya usimamizi wangu tulikuwa kwenye bweni la wanafunzi, ghorofa nne, mita mia nne na ishirini za bomba juu ya dari. Siku ya kupima presha. Kwa wageni wasio wa kazi hii: unajaza maji kwenye mabomba, unasukuma kwa pampu mpaka presha izidi ile ya kawaida, unafunga, halafu unakaa saa mbili ukitazama mshale wa geji. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja.

Mshale wangu haukusogea hata unywele. Saa mbili nzima! Nikapiga kifua, nikatia sahihi, mafundi wa dari wakafunga dari zao. Siku tisa baadaye jengo likafunguliwa maji. Zikaanguka mbao za dari arobaini na sita katika vyumba kumi na vinne, vitanda vikiwa tayari vimetandikwa.

Kilichotokea ni hiki. Chini ya ngazi kulikuwa na koki kuu ya kupandisha maji ghorofani, nayo ilikuwa imefungwa. Nilipima mita sita tu kutoka kwenye pampu. Sita kati ya mia nne na ishirini, hata asilimia mbili haifiki. Zile mita mia nne na kumi na nne hazikuguswa na tone.

Nikawakusanya watu wangu saba ndani ya yale maji. Nikauliza, "Nani alijua koki imefungwa?"

Fundi mmoja, dada aliyekuwa anakamua tambara kwenye ndoo, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nilijua, bosi."

"Ulijua? Ukanyamaza?"

"Jumatatu ulituambia anayependa kuongea akatafute kazi redioni. Nimewauliza redioni, hawana nafasi."

Wenzake wakaangalia ukutani wasicheke. Mimi sikucheka pia. Nilimwambia, "Nenda kalete ndoo nyingine." Hilo ndilo jibu langu, ndugu zangu. Mtu ananiambia ukweli ambao ungeokoa vyumba kumi na vinne, nami namtuma ndoo.

Wiki ile ile nilikwenda ofisi za chama hiki hiki kuomba mafunzo ya usimamizi. Karani akanitazama kupitia kidirisha. "Una diploma?" Sina. "Basi subiri utaratibu." Nilisubiri utaratibu miaka saba. Niliandika barua tano, nikajibiwa barua tano, ninazo nyumbani kwenye faili la kijani. Aya zake ni zile zile. Ya nne haikuwa hata na jina langu, ilikuwa na jina la mwombaji mwingine aliyekataliwa kabla yangu. Sisemi haya ili mnionee huruma, muda huo umepita. Nasema kwa sababu kidirisha kile wapo wanaotaka kukifungua tena leo mchana.

Nilianzisha kampuni yangu, nikajiunga na chama, nikagombea kamati ya mafunzo, nikashindwa mara mbili, nikashinda ya tatu. Leo tunatoa kundi la nne la kozi ya uongozi kwa wasimamizi wa saiti. Haiulizi una cheti gani. Inauliza una miaka mingapi kazini na unasimamia watu wangapi.

Imeleta nini? Nitawapa tarakimu, maana sifa kila mtu anazo za kwake. Kampuni zilizoleta watu kwenye kozi, kabla ya kuwaleta, katika kila kazi mia zilirudi kurekebisha kazi kumi na saba. Mwaka uliopita zilirudi sita. Kampuni ambazo hazikuleta mtu zilikuwa na kumi na saba, sasa zina kumi na sita. Hiyo moja sijui wameipatia wapi, lakini nawapongeza.

Na yule dada wa tambara? Kwa jina la kazi anaitwa Mama Koki, kwa sababu tangu siku ile hapiti kwenye koki bila kuigusa. Ana miaka arobaini na tisa, anasimamia watu kumi na wawili, na leo anahitimu. Yupo safu ya pili, ananikazia macho ninyamaze. Sitanyamaza, dada.

Jumamosi ya nane ya kozi huwa tunawatega. Mwalimu anafunga koki moja kwa siri, anamwonyesha fundi wa chini kabisa kwenye timu, kisha anamwambia mwanafunzi aongoze kipimo. Hatutoi alama kwa kuiona koki. Tunatoa alama kama yule wa chini atathubutu kusema. Mama Koki alishika mpini wa pampu, akauachia, akawageukia watu wake: "Kabla sijagusa pampu, nani ameona kitu ambacho mimi sijakiona?" Maneno tisa. Fundi wa chini akainua mkono kabla hajamaliza la tisa. Msimamizi mmoja mwenye diploma mbili, kijana hodari kabisa, alikuwa anatazama pembeni. Akaniambia, "Mzee, mimi kwenye zamu yangu nilipiga pampu nusu saa nzima bila kumuuliza mtu." Sasa maneno yale tisa yamo kwenye kitabu cha kozi, ukurasa wa kwanza.

Ndugu wanachama, ajenda namba saba inaitwa "kuboresha sifa za waombaji." Maana yake ni kwamba kuanzia mwakani, asiye na diploma haingii. Mimi siipigi vita diploma. Binti yangu anayo, na ndiye aliyenifundisha kusoma michoro kwenye kompyuta. "Baba," huniambia, "hilo si bomba, huo ni mpaka wa ukurasa." Lakini naomba mhesabu nami. Kati ya wahitimu hawa thelathini na mmoja, wenye diploma ni kumi na wawili. Kumi na tisa wasingeingia. Mnataka kuboresha kwa kuwatoa kumi na tisa? Mshale utatulia kweli, waheshimiwa. Utatulia kwa sababu tutakuwa tumepima mita sita.

Mama Koki, kuna deni la maneno. Miaka ishirini na miwili iliyopita uliniambia ukweli, nikakutuma ndoo. Leo mbele ya watu hawa wote nasema: nisamehe, dada yangu. Ulikuwa sahihi, nami nilikuwa mjinga mwenye sauti kubwa.

Kipindi changu kwenye kamati kinaisha leo, sina kura ya kuombea cheo. Ninalo ombi moja tu kwa Mwenyekiti. Wahitimu kumi na tisa msio na diploma, tafadhali simameni. Ndiyo, na wewe Mama Koki, acha kuvuta gauni, simama. Mheshimiwa Mwenyekiti, itakapofika namba saba, tupige kura kwa kuinua mikono, watu hawa wakiwa wamesimama hivi hivi mbele yetu. Anayetaka kuwafungia wenzao mlango, ainue mkono wake huku wanamwona.

Kabla hatujapiga kura, nani ameona kitu ambacho mimi sijakiona? Nitamsikiliza. Nimejifunza, ingawa kwa kuchelewa.

Nawashukuru walimu, nawashukuru wenye karakana, nawashukuru familia mliokaa Jumamosi kumi na mbili bila watu wenu. Asanteni nyote kwa masikio yenu. Mimi sasa nakaa. Wao wabaki wamesimama.