Kalista Aliyejivika Mpira wa Hewa

Padri, wazee wetu, ndugu na majirani mliotoka Sumbawanga mjini, Mwimbi na hapa Msanzi, shikamooni. Mimi ni Agnesi, mke wa Evaristi, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama mkwe wangu, nami nitasoma haraka haraka, mnisamehe, sababu nitaisema.

Marehemu Kalista alizaliwa hapa Msanzi tarehe 3 Mei 1929, mtoto wa pili wa mzee Clemens, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1943, kisha akabaki nyumbani akilima ulezi na wazazi wake. Tarehe 14 Septemba 1949 alifunga ndoa na mzee Urbano, wakajaliwa watoto watano, na wa tatu, Kristiana, alifariki kwa nimonia Julai 1958, akiwa mgongoni mwa mama yake, njiani kwenda zahanati.

Mwaka 1966 aliajiriwa mhudumu wa wodi ya watoto, hospitalini mjini, akafua shuka na kulinda mtungi wa oksijeni, uliokuwa mmoja tu na uliokuja kwa lori kutoka Mbeya, akikaa kuyatazama mapovu kwenye chupa ya maji ambamo hewa ilipita kwenda kwa mgonjwa, na yakipungua anakimbia kumwita daktari.

Akina mama tuliuogopa mpira ule wa kupitisha hewa hiyo puani, kwa kuwa waliwekewa watoto waliokwisha kuzidiwa, wengi wakafa nao, tukasema mpira ndio unaotoa roho. Mwaka 1976 Kalista akajiingiza mpira puani mwake mbele ya wodi nzima, akakaa kitandani akila ugali, akasema, "Haya, nitazameni, kama unaua basi leo mtanizika na tonge mdomoni." Wakacheka. Daktari akamkemea kwa kupoteza hewa ya wagonjwa, akaitikia, "Ndiyo, bwana," na wiki iliyofuata akarudia.

Juni 1979 mwanangu Polikarp, wa miezi saba, aliwekewa mpira huo, na mama mkwe alipotoka kuteka maji nikauchomoa kwa mkono wangu, mtoto akageuka rangi ya majivu. Mama aliporudi hakunipigia kelele, aliurudisha, akaushikilia kwa kidole kwenye shavu la mtoto mpaka plasta ikapatikana, na daktari alipouliza, akajibu kwamba umeteleza. Polikarp ndiye yule aliyebebwa na babu yake. Mama hakumwambia mtu, hata mume wangu anasikia leo.

Novemba 1980 alianza kuugua moyo, miguu ikavimba, akalazwa, na tarehe 10 Februari 1981 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari, tunamshukuru nesi Kulsumu, mwenzake wa kazi, aliyemwosha na kumchana nywele kama mama yake mzazi, tunawashukuru majirani wa nyumba kumi walioteka maji, na Bwana Bashiri aliyemleta kwa lori lake, akalifunika jeneza kwa koti lake la mvua, akalowa yeye.

Sasa haraka yangu. Fransiska, jirani yetu, tangu jana namsikia mwanao akihema kwa shida hapa msibani. Jioni tulifunua nguo tukamtazama, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, na wakubwa wakasema si heshima kuondoka kabla ya mazishi, nawe ukakubali, na najua pia unauogopa mpira. Nami niliuogopa. Nesi Kulsumu anasema mtungi uliojaa umefika juzi. Bwana Bashiri yuko tayari kuwapeleka hospitalini wewe na mtoto, na lori linaunguruma barabarani. Inuka sasa, dada yangu, usingoje nimalize. Udongo wako nitautupa mimi.

Mama Kalista, lala kwa amani, na utuwie radhi tukikuzika tukiwa pungufu ya watu watatu.