Halikuwa Pepo, Lilikuwa Goti

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Itikieni vizuri, leo nimesimama kwa miguu yangu miwili na sina haraka ya kukaa.

Mnanijua. Mimi ni Mama Nyangeta, fundi cherehani wa Mukendo, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya hapa hapa Nyasho. Na mnajua nilivyokuwaga. Tukicheza pambio, nikigeuka tu kushoto, chini! Goti la kulia linafyatuka, naanguka napiga kelele. Nikinyoosha mguu linarudi lenyewe, nanyanyuka. Sasa mtu anayeanguka katikati ya sifa, akapiga kelele, halafu akanyanyuka, sisi tunamwitaje? Mlisema nina pepo.

Kwenye mkutano wa injili kule Bunda nilianguka mbele ya watu wote. Nikawekewa mikono, goti limevimba kama kibuyu. Pepo akaulizwa jina lake, kimya. Mkasema basi huyu ni pepo bubu! Kwa baba yangu Butiama nako shangazi akasema ni marehemu bibi, anadai ng'ombe wa mahari yake. Huku pepo, kule mzimu, mimi katikati na goti langu.

Nilipigwa eksirei hapa mjini, mifupa ikaonekana mizima, maana pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ilikuwa imesharudi mahali pake. Ehe, hapo mkapata ushahidi! Nikatolewa kwenye kwaya. Akina mama wakaacha kuleta watoto kwangu kupimwa sare za shule. Mwisho nikaanza kujiogopa mwenyewe, na ndugu zangu, hilo liliniuma kuliko goti.

Lakini Bwana hakulala! Mume wangu si msemaji. Siku moja akaniambia, "Mama Nyangeta, kufunga tumefunga, kuomba tumeomba. Sasa twende tukapime."

Tukaenda hospitali kubwa Mwanza kwa kipimo cha MRI, ile mashine ya sumaku inayoonyesha mpaka nyama na kano za ndani, siyo mifupa tu. Nikavua hereni, nikavua pete, nikalala. Nikaambiwa nisitikisike kabisa. Mashine ikaanza kugonga, du-du-du, mdundo wa kwaya kabisa! Mguu ukataka kuitikia. Nikauamuru kwa jina la Yesu utulie, ukatulia.

Daktari alipokuja na picha nikamwambia asinifiche, aseme anaona kitu au haoni.

"Naona, mama," akasema. "Kano inayoshika pia ya goti imekatika. Na mfereji ambamo pia hiyo inapita hauna kina, umezaliwa nao hivyo. Ndiyo maana inahama ukigeuka."

Nikalia. Nimeambiwa nimekatika, nami nalia kwa furaha! Akadhani nimeogopa operesheni. Hakujua nimetoka wapi.

Nikapasuliwa, kano ikatengenezwa, nikafanyishwa mazoezi mpaka nikawachukia waliokuwa wananifanyisha. Leo tazameni. Kulia. Kushoto! Haya, nani ameanguka?

Asubuhi hii Mzee Magesa, mzee wetu wa kanisa, ameniita pembeni. Kwa upole kabisa ameniomba niseme pepo ametoka, maana kanisa liliomba, na habari za MRI niziache zisije zikawachanganya watu. Mzee wangu, nakuheshimu, shikamoo yako iko pale pale. Ila hilo sisemi. Mungu wangu hahitaji uongo wangu ili atukuzwe. Maombi yenu ameyasikia, akayajibu kwa sumaku. Kama hampendi alivyojibu, mwulizeni yeye!

Namshukuru Bwana, namshukuru mume wangu, namshukuru yule daktari. Mtumainini Bwana aliyeumba goti na kulijua lote kwa ndani. Na kama kuna binti humu anaanguka wakati wa sifa, kabla hamjamkemea, mwulizeni anaumia wapi. Mimi hakuna aliyeniuliza.