Fundi Meno Aliyechonga Uso wa Mumewe

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Meno, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba yetu. Alikuwa kifungua mimba. Baada yake nilifuata mimi ninayewasomea haya, kisha mdogo wetu wa kike, kitinda mimba, aliyeketi pale mbele na ambaye ameniomba nisilie. Nimemwahidi nitajitahidi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Alikuwa na akili, lakini mama hakumkumbuka kwa akili hizo. Alimkumbuka kwa viazi. Dada alikuwa anakata kiazi katikati, anachonga alama kwa ncha ya kisu, anakichovya kwenye wino na kugonga muhuri kwenye madaftari yetu sote. Mwalimu mkuu alipoona madaftari ya darasa zima yana muhuri wa jogoo, alimwita baba. Baba alikwenda, akamtazama yule jogoo, akasema, "Mwalimu, mkia amekosea, lakini kichwa amekipatia." Adhabu aliipata vilevile.

Baada ya sekondari alichaguliwa kusomea uuguzi. Alipoona damu kwa mara ya kwanza alianguka kama mgomba, akazinduka akiwa kwenye kitanda cha mgonjwa. Ndipo walipomhamishia kozi ya kutengeneza meno bandia, kazi ya chumba cha nyuma, isiyo na damu. Alihitimu mwaka 1974 na akafanya kazi hiyo katika hospitali moja tu mpaka alipostaafu mwaka 2006. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja linalotazama matangi ya maji, meza yenye madoa ya nta, na vumbi jeupe la plasta lililoingia mpaka kwenye nyusi zake. Wapo hapa leo wanaotafuna kwa kazi ya mikono yake. Hatutawataja. Nawaomba tu mtakapoimba mfungue vinywa bila wasiwasi, kwa maana meno yake hayajawahi kumdondoka mtu.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa. Shemeji alikuwa na maneno mengi, naye dada alikuwa na machache, kwa hiyo nyumba ilikuwa na maneno ya kutosha. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Shemeji alipong'oka meno ya mbele kwa ajali ya gari, dada ndiye aliyemtengenezea mengine. Aliyarudia mara kadhaa, kwa sababu kila akimvalisha alikuwa anasema, "Cheka," na alipocheka anasema, "Siyo. Hicho siyo kicheko chako. Vua."

Kuchonga picha kwenye mbao alikuanza ukubwani. Seremala, ambaye leo ndiye aliyetengeneza jeneza hili kwa mikono yake, alikwenda hospitali kutafuta meno mwaka 1998 na akamkuta dada wakati wa chakula cha mchana akichonga ubao wa kukatia vitunguu kwa vifaa vya kazini. Akamwambia aache kuharibu vyombo vya jikoni, yeye ana vipande vya mbao vya kutupa. Hapo ndipo kilipozaliwa kile Chama cha Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha karakana ya Seremala. Walikuja mwalimu wa kemia, muuguzi mmoja, na baadaye Msanii, ambaye picha zake zinauzwa na kutundikwa kwenye kumbi. Siku ya kwanza Msanii aliuliza nani humo ni msanii na nani anajifurahisha tu. Dada akamjibu, "Humu kuna mwenye vidole vyeusi kwa wino na asiye navyo. Onyesha vyako."

Kwa wasioijua kazi hiyo: unachonga ubao, unaupaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa mwiko. Ulipochonga panabaki peupe. Ulipoacha ubao ulivyo panatoka peusi. Tena kila kitu kinatoka kimegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Kila mwaka kila mwanachama alichapa picha yake, akampa kila mwenzake nakala moja na kubaki na moja yake. Wakishagawana, mwenye ubao anapitisha patasi kutoka pembe hadi pembe, ili usichapwe tena. Wao wanaita kuufunga ubao. Sheria hiyo aliiweka dada, na hakumsamehe mtu.

Mwaka 2009 alichonga uso wa mumewe. Kazi ilitoka nzuri, ila baka la shavuni mwa shemeji lilihamia shavu la pili, kwa kuwa fundi alisahau kugeuza. Shemeji akaitazama, akasema, "Huyu ni pacha wangu. Mwambieni aje tugawane kazi za nyumbani." Walicheka, nakala zikagawanywa, na ubao ukafungwa.

Shemeji alifariki dunia tarehe 3 Agosti 2015. Miaka miwili baadaye paa lilivuja, na nakala pekee ya dada ikagandana na kioo cha fremu. Alipoivuta, uso ulibaki kwenye kioo vipande vipande. Wanachama wote walimletea nakala zao. Alizikataa. Alisema, "Nilichokupa ni chako. Ukinirudishia itakuwa kama nilikukopesha." Tulimwona mkaidi. Nadhani hata sasa namwona mkaidi.

Alisema atamchonga upya. Lakini aliahirisha, kama sisi sote tunavyoahirisha, na mwaka 2019 mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Madaktari walisema ni ugonjwa wa Parkinson, hauponi. Dada yetu hakuogopa kufa. Aliogopa mkono usije ukasimama kabla hajaumaliza uso wa mumewe, na hilo alilisema wazi kwa kila aliyemtembelea.

Alianza ubao Januari 2023. Aliegemeza picha ya shemeji mbele ya kioo na kumchonga kutoka humo, ili safari hii asikosee. Seremala alimtengenezea egemeo la kushikilia mkono. Muuguzi alimfundisha kusubiri dawa ishike. Hapo mkono ulitulia kidogo, naye akachonga unyusi, au mkunjo mmoja wa shavu, akaacha. Mdomo aliuweka mwisho. Alisema ndio anaoujua kuliko vyote, na ndio asiotaka kuuharibu, kwa sababu ubao ukishakatwa haurudi.

Mwezi wa nne mwaka huu Msanii alimwambia kwa upole, "Mama, nipe mimi nimalizie mdomo. Kazi ndogo tu."

Dada akamtazama. "Mdomo huo nimeutengenezea meno. Wewe unaujulia wapi?"

Mwezi wa tano alipatwa na homa ya mapafu, akalazwa katika hospitali ileile aliyoitumikia. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Mdomo ulikuwa haujaguswa.

Jumanne chama kilikutana. Msanii alitaka kuumalizia, kwa heshima, asije mtu akaona uso usio kamili. Mimi, niseme kweli, nilimuunga mkono. Niliwaza watu watasemaje. Ndipo binti wa marehemu akatuuliza sote, "Nani hapa aliwahi kumwambia baba acheke, akajua kama kicheko ndicho au sicho?" Kisha akasema, "Basi chapeni hivyo hivyo."

Wamechapa wote pamoja, kwa zamu, na jana binti yake ameufunga ubao. Picha hiyo imo ndani ya ratiba mliyoishika. Baka lipo shavu lake halisi. Pale peusi chini ya pua si kosa la wino. Hapo ndipo mkono wa dada yetu ulipofika.

Ameacha binti mmoja na mwana mmoja, mkwe mmoja, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, mimi mdogo wake wa kiume, na Chama cha Jumamosi, ambacho tangu juzi tunakihesabu kuwa ni ukoo.

Apumzike kwa amani, na mikono yake itulie.