Bipu Iliyopokelewa

Fundi wa minara ya simu alikosea jambo moja tu: alipanda treni akiwa na kizibao cha kazi. Mama mshonaji aliyekaa kando yake, mbele yangu, akamgeukia. "Nyie mmeniharibia."

Yeye na dada yake, alieleza, hawasemeshani mwaka wa tatu sasa, kisa cherehani ya marehemu mama yao. Ila kila asubuhi humbipu, dada ajue mdogo wake yupo hai. Hupiga, huhesabu mpaka tano, hukata. "Leo na simu mpya, sijafika tano, nasikia haloo. Nikakata mbio."

"Simu yako ile ya zamani ilikuwa inashuka kwenye mtandao wa zamani ndipo ianze kuita," fundi alisema, kwa upole wa mtu anayelipwa kueleza. "Siku hizi sauti yenyewe inakatwa vipande vidogo, inapita njia ya data kama picha. Inaita papo hapo, hivyo dada anawahi kupokea kabla ya tano."

"Mmeharakisha ili iweje?"

Swali hilo, naamini, kampuni yake haijawahi kujiuliza.

"Naweza kuizima hiyo huduma, mama. Ila sauti itarudi kukwaruza."

Mshonaji alimpa simu, kisha akaivuta tena. "Ile haloo ilikuwa safi mno. Nilidhani ni marehemu mama."

Fundi akatazama dirishani. Nami pia, maana hata umbea una heshima zake.

Treni iliposimama, mshonaji alishuka simu ikiwa sikioni, akihesabu kwa sauti. Milango ilifungwa akiwa kwenye saba.