Futi na Waya wa Choki

Ndugu, jamaa na majirani mliotufikia, tunawasomea maisha ya baba na babu yetu, fundi cherehani mliyezoea kumwita Futi, kwa ile futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake hata akienda kuoga, na mjane wake ameomba yasomwe kama yalivyokuwa, yasitiwe chumvi wala yasipunguzwe.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika chumba cha nyuma cha mshona viatu, akiwa mtoto wa tatu, akasoma hadi darasa la sita, kisha akapelekwa kwa fundi kujifunza kushona, na mwaka 1970 akafungua duka lake chini ya ngazi za duka la vitabu, akashonea mabwana harusi na mahakimu, wala hakuwahi kukata kitambaa kikapungua, jambo hilo mlikumbuke, maana tutalirudia.

Tarehe 6 Desemba 1972 alifunga ndoa na mkewe, akamfundisha cherehani, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa, na mwaka 1979 akamletea mke mwenza, ndivyo mama alivyoliita, gari dogo la kijani la mwaka 1964, ambalo haliamki asubuhi mpaka livutwe choki, kile kitufe cha kwenye dashibodi chenye waya unaokwenda hadi kwenye kabureta, injini ikipata moto unakirudisha ndani, usipokirudisha inafuka moshi mweusi, na nguo za mama zilizoanikwa uani zinaujua moshi huo.

Siku ya kutimiza miaka hamsini ya ndoa, mama amekaa kiti cha mbele na gauni jipya aliloshonewa na mumewe, marehemu akavuta choki, waya ukakatika, kitufe kikabaki mkononi kama jino lililong'oka, wakaenda kwenye sherehe yao kwa pikapu ya muuza mkaa, gauni mnaweza kulifikiria wenyewe, na marehemu akaapa njia nzima, Mama, litunze gauni hilo, nitakupandisha gari langu ukiwa umelivaa.

Hapo ndipo mama alipoanza kuchoka, maana fundi wa gereji jirani alisema, Mzee, niachie nusu saa tu, akajibiwa, Wewe kaza tairi za watu, na waya mpya huuzwa mrefu ukatwe kwa kipimo, basi marehemu akatoa futi shingoni, akapima moja kwa moja kutoka dashibodi hadi kabureta, akakata, na ulipopinda kupita nyuma ya injini ukawa mfupi, umekaza kama kamba ya kuanikia, kitufe hakirudi, moshi, na mama akiwa mlangoni na beseni la nguo akamuuliza, Futi, mkono wa koti unaupimaje, akasema, Kiwiko kikiwa kimekunjwa, mama akasema, Na huo waya hauna kiwiko, akajibu, Mama, waya si koti, akanunua wa pili, akaukata vilevile, akanuna wiki nzima kana kwamba aliyekata ni mama.

Mwezi Mei 2023 moyo ulimlemea, akalazwa, na waya wa tatu ukabaki umeviringishwa juu ya kiti cha mbele, na siku moja kabla ya kufariki kwake tarehe 9 Juni akamwita binti yake mkubwa akamnong'oneza, Ule waya mwambie mama yako aupime kiwiko kimekunjwa, nimefikiria sana, na mama aliyekaa upande wa pili wa kitanda akafumba macho, akamwomba Mungu subira kwa mara ya mwisho katika ndoa ile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliokula moshi, mafundi wenzake, na fundi wa gereji aliyesimama jana pembeni, mikono nyuma, mama na binti wakipima waya ule wa tatu.

Ngurumo mnayoisikia nje isiwatishe, ni gari lenyewe, limewaka leo asubuhi kwa mvuto wa kwanza, hatujalizima kwa sababu hatuliamini, na litakwenda nyuma ya jeneza, mama kiti cha mbele, amelivaa gauni lile chini ya koti lake.

Pumzika kwa amani, Futi, choki imerudi ndani, na mama anapanda.