Anselmo Treviño, Waliyemwita Yai

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama sufuria iko motoni, punguzeni moto. Leo tunamkumbuka Anselmo Treviño, wa mtaa wa nyuma ya ghala la machungwa, hapa hapa San Eusebio. Tulimzika Jumamosi. Mliokuwepo makaburini mlisikia yaliyosemwa. Ambao hamkuwepo, tulieni niwasimulie, maana tangu Jumamosi mji huu unanong'ona, na mnong'ono ukiachwa peke yake huzaa watoto.

Anselmo Treviño. Wengine mnajiuliza ni nani huyo. Basi nikisema Yai mtamjua. Huyo huyo.

Alikuwa mrushaji wa timu ya shule yetu, miaka ile ya sabini, katika mpira wetu wa Ijumaa jioni, ule wa kofia ngumu. Mnajua mrushaji ni nani. Timu nzima inamtazama yeye. Mpira unamfikia mkononi, anarudi nyuma hatua chache, anatafuta wa kumrushia, na wakati huo huo majitu ya upande wa pili yanamjia yamwangushe. Mkono wa Anselmo ulikuwa wa ajabu. Alikuwa akirusha mpira unapita juu ya vichwa vya watu wote na kutua kifuani mwa mwenzake kana kwamba umewekwa.

Mwaka wake wa kwanza nyasi zilikuwa zimelowa. Akateleza, akaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Ajali haina kinga. Watu wakampa pole, mambo yakaisha.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, kwa sababu yote yanatoka hapa. Mwisho wa msimu wa machungwa, Anselmo na rafiki yake Fidencio Longoria walikwenda kufanya kibarua cha kuchuma. Fidencio alikuwa kijana mkubwa kuliko mlango. Anselmo alivuta tawi, akachuma ya juu, kisha akaliachia bila kutazama nyuma. Nyuma yake alikuwepo Fidencio. Tawi likamchapa jicho la kushoto, na mchungwa una miiba. Fidencio akafunika uso kwa kiganja, akasema si kitu, akajiosha kwa maji ya mfereji.

Uvimbe ulipopungua, jicho lilionekana zima. Halikuwa zima. Lilibaki likiona mwanga na kivuli tu. Fidencio hakumwambia mtu, na alikuwa na sababu. Baba yake alitaka aache shule akavune vitunguu kama kaka zake. Kocha Baldemar ndiye aliyekwenda kumbembeleza yule mzee, wakakubaliana kwamba kijana atabaki shuleni maadamu anacheza. Asipocheza, kesho yake yuko shambani ameinama.

Na Fidencio alicheza wapi? Alikuwa mlinzi wa kushoto. Mrushaji wa mkono wa kulia anapotaka kurusha, huupa upande wa kushoto mgongo. Huko haoni kitu. Mlinzi wa kushoto ndiye anayemwonea. Kwa maneno mengine, wasikilizaji wapendwa, mgongo wa Anselmo ulilindwa na jicho lisiloona.

Mwaka wa pili Anselmo alivunjwa mbavu. Mwaka wa tatu, mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega. Mara zote mbili alipigwa kutoka kushoto, kutoka nyuma. Mji haukuuliza amepigwa kutoka wapi. Mji ulihesabu mifupa. Kinyozi wetu wa wakati ule, Don Ramiro, ndiye aliyetoa jina akiwa na wembe mkononi. Alisema, "Mtoto huyu ni yai. Zuri, lina faida, lakini thubutu ulitie mfukoni."

Vinyozi wakisema, mji umesema. Lisemwalo lipo, ndivyo watu walivyoambiana. Jina likaenda kanisani, likaenda sokoni, likavuka hadi kwa mahasimu wetu wa Mesquital. Nanyi mnajua Pasaka tunavyoyatunza maganda ya mayai, tukayajaza vikaratasi vya rangi, tukavunjiana vichwani. Watu wa Mesquital waliyatunza mwaka mzima kwa ajili ya Anselmo. Kila alipoanguka waliyavunja jukwaani kwa pamoja, na ule mlio wa maganda ulisikika hadi katikati ya uwanja.

Dada yake, Bi Oralia, aliniambia juzi, "Mama aliacha kutukaangia mayai asubuhi. Alisema hataki kusikia yai likipasuka. Tukala maharage na chapati mpaka tukachoka."

Ukafika mwaka wa mwisho. Chuo kimoja cha kaskazini, jina tuliache, kilimtuma mtu aje kumtazama katika mechi na Mesquital. Anselmo alikuwa ndiyo kwanza amepona mtulinga. Mtu yule hakumficha kocha. Alisema, "Mkono wake naupenda. Lakini sinunui gari ambalo kila mwezi liko gereji." Anselmo akimaliza mechi mzima, atasoma bure. Akivunjika, basi. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo, na njia nyingine haikuwepo.

Siku ya kuamkia mechi, kocha aliwaonyesha filamu za michezo iliyopita. Anselmo alijiona akivunjwa mbavu. Alijiona akivunjwa mtulinga. Kisha akaacha kujitazama, akamtazama Fidencio. Kila adui alipopita upande wa nje, Fidencio aligeuza kichwa kizima, kama kuku anayetazama punje, na alikuwa amechelewa. Walipopita upande wa ndani, aliwalaza chini wote.

Alasiri ile Anselmo alikwenda kwa akina Longoria. Alimkuta Fidencio uani, anapasua kuni. Hakumsalimu. Aliokota balungi, akalirusha taratibu kutoka kushoto, kama mtu anavyomrushia mtoto. Likampiga Fidencio sikioni.

Anselmo akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, kaka. Tangu lini huoni?"

Fidencio aliweka shoka chini. "Tangu machungwa," akasema.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ndiye uliyeliachia tawi."

Mzee Fidencio mwenyewe ndiye aliyenihadithia haya. Anasema Anselmo alikaa juu ya zile kuni. Mama yake Fidencio akawaletea kahawa, wakainywa. Anselmo alipoondoka alisema jambo moja tu. Alisema atazungumza na kocha, ila jicho halitatajwa.

Ijumaa ikafika. Chumba cha kuvalia kimejaa harufu ya dawa ya misuli. Wachezaji wameshavaa. Mtu wa chuo amesimama mlangoni na kofia mkononi. Ndipo Anselmo alipomwomba kocha abadilishe walinzi: Fidencio aende kulia, jicho lake zima liwe upande wa nje, na kijana Chano aje kushoto. Hilo la jicho hakulisema. Alisema tu kwamba anaomba.

Kocha Baldemar hakuamini masikio yake. Fidencio ndiye nguzo, utamtoaje nguzo saa ya mechi? Akataka sababu. Anselmo akarudia tu kwamba anaomba. Mtu wa chuo akasogea ndani kidogo. Kocha akamkazia macho kijana wake, mbele ya wote, akamuuliza, "Nini, Yai? Unaogopa?"

Wasikilizaji wapendwa, katika mchezo ule mrushaji anaweza kukiri chochote. Anaweza kukiri hajui kusoma. Hilo moja hakiri. Neno moja la kweli lingemsafisha pale pale, mbele ya mtu aliyemhitaji. Angesema tu: muulizeni Fidencio jicho lake. Jina la Yai lingekufa mlangoni. Na Fidencio angelala usiku ule akijua kesho ni vitunguu.

Anselmo akajibu, "Ndiyo, Kocha. Naogopa."

Fidencio alikuwa amekaa karibu naye kiasi cha kugusana magoti. Amenieleza hivi: "Niliufungua mdomo. Nakumbuka kabisa nimeufungua. Kisha nikayaona yale matuta ya vitunguu, nikaufunga."

Kocha aliwabadilisha kwa hasira, kama anayemwadhibu mtu. Wakatoka.

Mesquital walikuja kwa Anselmo wima wima. Chano alikuwa mdogo, alisukumwa kama pazia, lakini aliwaona wanakuja na kuwachelewesha, na kuchelewa kidogo ndiko Anselmo alikokuwa akikuomba miaka yote. Upande wa kulia hakupita mtu. Fidencio alicheza siku ile kama anayelipa deni la ukoo. Hata hivyo, katika robo ya mwisho wawili walimfikia Anselmo kwa pamoja, wakamlaza chali. Akabaki pale. Maganda yakaanza kulia jukwaani. Mama yake, ambaye siku hiyo alikuja baada ya kususa muda mrefu, alisimama na rozari mdomoni. Oralia anasema mama hakulia, aliuma tu zile shanga.

Anselmo akakunja goti. Akakunja la pili. Akainuka, akajigusa bega, akarudi mstarini. Mpira uliofuata aliurusha mbali kuliko wote, na San Eusebio ikashinda. Alitoka uwanjani kwa miguu yake, mzima, mifupa yote mahali pake.

Mtu wa chuo hakumfuata. Alimwambia kocha kwamba mfupa huunga, lakini woga hauungi. Kisha akauliza yule mkubwa wa upande wa kulia anaitwa nani.

Ndiyo. Walimchukua Fidencio. Alikwenda chuo, akacheza kulia miaka yote, na siku ya kupimwa macho alikariri herufi za ubaoni kutoka kwa mwenzake aliyemtangulia. Akarudi mwalimu wa hesabu. Nusu ya mji huu amewafundisha kujumlisha. Anselmo alibaki kwenye ghala la machungwa, kisha akapata kitalu chake cha miche. Akaoa, akazaa, akazika wazazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tangu ile Ijumaa mpaka moyo wake uliposimama wiki iliyopita, hakuvunjika tena hata ukucha. Lakini kila Pasaka watoto walimkimbilia na mayai, wakamvunjia kichwani, Yai, Yai, naye akacheka. Jina la pili, la mwoga, wakubwa walilisema akiwa ameshageuka.

Sasa Jumamosi. Mwalimu Fidencio aliomba kulibeba jeneza upande wa kushoto. Tukampa. Jeneza liliposhushwa, akatuambia yote, jicho na kile chumba cha kuvalia, mbele ya watu wa umri wake ambao bado walikuwa wakitaniana juu ya Yai njiani. Akamaliza hivi: "Mvunjikaji alikuwa mimi. Yeye alipokea tu vipande." Tawi hakulitaja. Bi Oralia ndiye aliyelitaja, kwa sababu kaka yake alimwagiza. Anselmo hakutaka azikwe kama mtakatifu. Alitaka ijulikane ni mkono wa nani ulioliachia.

Oralia alikuwa na yai la Pasaka kwenye mkoba, la mwisho katika kikapu cha marehemu. Akampa Mwalimu alivunje juu ya jeneza. Mwalimu alilishika kwa muda. Akamrudishia. Kisha lile jitu zee likapiga magoti kwenye udongo, likavua kofia, likainamisha kichwa.

"Hapa," akasema. "Zamu yangu."

Oralia akalivunja.

Kwa Bi Oralia, kwa mjane na watoto, kwa ukoo wote wa Treviño, sisi wa kituo hiki tunawapa pole. Mungu awatie nguvu, naye ampokee marehemu kwa jina alilobatizwa. Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba kitu kimoja jioni ya leo. Kila nyumba ina mtu iliyempa jina la kuvunjika. Kabla hamjaliita tena mezani, ulizeni alipigwa kutoka upande gani, na ni nani aliyekuwa amewekwa kuulinda.

Mwalimu Fidencio hajaosha kichwa bado. Nimepishana naye asubuhi nikija kazini, vikaratasi vimo nyweleni, anakwenda kumwagilia miche ya Anselmo.