Punje za Mahindi za Mzee Walubengo

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Festus Walubengo atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na tisa katika kampuni yetu. Aliingia mwaka 1996 akiwa mtunza stoo. Anatoka akiwa Mkuu wa Nyaraka, na katikati ya hapo ametufundisha kuandika, hata sisi tuliokuja na digrii zetu tukidhani tunajua.

Wengi wenu hamkuikuta ile stoo. Ilikuwa nyuma ya duka letu la kwanza, katikati ya mji, enzi za kuuza karatasi, wino na kompyuta chache zilizofunikwa vitambaa vya kufuma. Mtunza stoo mwingine angeweka karatasi na karatasi, wino na wino. Walubengo alipanga rafu kwa kufuata mtu anayekuja: rafu ya walimu, rafu ya mawakili, rafu ya makarani wa makanisa. Chaki ilikaa pamoja na rejista kwa sababu mwalimu huzitaka siku moja. Wakaguzi walilalamika kila mwaka. Wateja hawakulalamika.

Karatasi zilipoacha kutulisha tukaingia kwenye programu za kompyuta, na yeye akapelekwa kuandika miongozo. Nimeambiwa alichaguliwa kwa sababu mwandiko wake ndio pekee uliosomeka ofisini.

Mwaka 2018 tulianza kutumia programu ya kusimamia kontena. Kwa jamaa zetu mtakaosoma jarida hili nyumbani: programu ya kila mteja hukaa ndani ya kasha lake la kidijitali, liitwalo kontena, na programu nyingine kubwa hukaa juu ya makasha yote kama nyapara. Huyaanzisha, huyahamisha mashine ikizimika, na huyainua yakianguka. Ni kazi tamu ikienda vizuri.

Walubengo aliandika mwongozo wa programu hiyo, kurasa 412, kitabu kimoja cha watu wote. Lennox, meneja wetu wa ufundi, alitaka upangwe kwa mada: mitandao, hifadhi, usalama. Walubengo aliupanga hivyo hivyo alivyoagizwa. Husema hilo ndilo jambo pekee analojutia hapa kazini, ukiacha ile suti ya kijani ya sherehe ya mwaka 2003.

Asubuhi moja ya Machi 2019, mfumo wa kupimia maziwa wa chama cha wakulima ambacho ni mteja wetu ulikwama. Fundi wa zamu alikuwa na miezi miwili kazini. Alifungua mwongozo, akatafuta namna ya kuanza upya, akafika ukurasa wa 212 na kufuata hatua zote tano bila kukosea hata moja. Ukurasa huo ulikusudiwa mwundaji wa programu anayefanya majaribio kwenye laptop yake. Hatua ya nne ilifuta kila kontena na kila kilichokuwa ndani. Malori yalisimama, wakulima wakasimama na mitungi yao, makarani wakarudi kwenye kalamu. Kufikia alasiri tulikuwa tumerudisha sehemu kubwa kutoka kwenye nakala ya akiba, lakini vipimo vya siku iliyotangulia vilipotea kabisa. Fundi huyo nilikuwa mimi, Jemutai, ninayeandika haya.

Jumatatu iliyofuata niliitwa kikaoni, na nilijua naitiwa nini. Nilikuwa nimeshaweka kikombe changu na sweta kwenye mfuko. Walubengo hakuwa amealikwa. Aliingia na ukurasa wa 212 mkono mmoja na barua yake ya kujiuzulu mkono wa pili, akaviweka mezani. Alisema, "Hii page niliandika mimi. Haikumwambia huyu msichana ni ya nani. Kama lazima mtu aende nyumbani, mimi ndiye naenda." Alikuwa na watoto wawili chuoni wakati huo, na kila mtu mle ndani alijua. Lennox aliisoma barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Akamuuliza anataka muda gani kuurekebisha mwongozo.

Alichukua miezi saba. Aliuvunja ule mwongozo akaupanga kama ile stoo yake: sehemu ya mgeni anayejifunza, sehemu ya mwendeshaji anayelinda mitambo ya wateja, na sehemu ya mwundaji anayetengeneza programu. Kila ukurasa ukaanza kwa maneno yale yale: "Ukurasa huu ni wako kama..." Wa kufuta kontena unasema: "Ukurasa huu ni wako kama uko kwenye mashine yako mwenyewe na hakuna mtu mwingine anayeitegemea."

Kisha akaleta desturi ambayo wageni wetu huishangaa. Ukurasa mpya hautoki mpaka msomaji wake halisi ausome kwa sauti huku mwandishi ameketi mbele yake, kimya. Mwandishi haruhusiwi kueleza, wala kukohoa kwa maana. Kila msomaji akikwama, punje moja ya mahindi inaingia kikombeni. Ukurasa wenye punje unarudi kuandikwa. Mahindi Walubengo huyatoa shambani kwake huko Turbo, na Habiba wa dawati la wateja, ambaye amesoma kurasa nyingi kuliko sote, anadai kwamba miaka hii angekuwa ameshayachanganya na maharagwe akapika githeri ya ofisi nzima. Rekodi inashikiliwa na ukurasa ambao Lennox aliwaandikia wakurugenzi: aya mbili, punje kumi na nne.

Tangu hapo hakuna fundi mgeni aliyefuta mfumo wa mteja kwa kufuata ukurasa usiokuwa wake. Hilo halionekani kwenye picha za ukutani. Lakini wapo vijana wanaofanya kazi hapa leo ambao hawakupanga vikombe vyao kwenye mfuko, na hawajui ni kwa sababu gani. Sasa wanajua.

Wiki iliyopita aliniita mezani kwake. Kuanzia Desemba kiti chake ni changu, na sijamficha mtu kwamba kinanitisha. Alinipa karatasi moja niisome kwa sauti, akaweka kikombe katikati yetu. Mstari wa kwanza ulisema: "Ukurasa huu ni wako kama wewe ni Jemutai, na leo ni Jumatatu ya kwanza bila mimi."

Nilikwama hapo hapo. Akatoa punje mfukoni, akaishika juu ya kikombe kwa muda, kisha akairudisha mfukoni.

Mzee Walubengo, kwa niaba ya wageni, waendeshaji na waundaji wote, na ya Lennox, ambaye amenituma niseme kwamba ile barua bado anayo na hajawahi kuipokea rasmi: asante. Mungu akupe afya, mvua ya Turbo ije kwa wakati, na usiwapangie wajukuu vitu vyao mpaka wakuombe. Tutakukumbuka sana. Ukurasa huu ni wako.